Mgeni Rasmi na Ufunguo wa Bweni

Shuleni,
2 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini kifua kimetulia na cherehani inazunguka. Mimi mzima, isipokuwa kichwa. Utauliza kwa nini sikupigi simu. Kwenye simu unanikatiza, barua huwezi kuikatiza, na leo nina mengi.

Unajua kila Ijumaa katibu wangu huniletea faili la barua za kutia sahihi, na unajua sizisomi. Nitasoma nini, barua zenyewe ni zile zile kila wiki. Sasa wasichana wa chama cha mdahalo wakachomeka yao katikati, kati ya barua ya kuomba chaki na barua ya mzazi anayeulizia sanduku la mwanawe. Nikaitia sahihi na muhuri juu. Juzi nimepata habari kwamba mgeni rasmi wa mahafali yetu ya tarehe 28 amekubali mwaliko. Mgeni mwenyewe ni Mama Milango.

Ndiyo, yule yule. Tangu kiwanda cha nguo kilipoungua na watu kumi na mmoja wakafia ndani, miaka ishirini na miwili sasa, mama huyu hana kazi nyingine ila kuzunguka akitikisa milango ya nyuma ya watu. Viwandani, hotelini, hata kwenye nyumba za ibada. Akiukuta mlango umefungwa, anakaa hapo hapo mpaka ufunguliwe. Kuna hoteli alikaa siku mbili na kikapu chake, wateja wanamruka. Wasichana wanamwona shujaa. Mwenyekiti wa bodi, aliyekuwa amemwandaa rafiki yake mwenye kiwanda cha vitanda, hajanisalimu tangu juzi.

Ninachohofia ni bweni. Bweni letu lina mlango mmoja wa chuma, madirisha yana nondo, na mimi mwenyewe ndiye ninayelifunga kwa nje kila siku baada ya kengele ya kulala na kulifungua kabla ya kengele ya kuamka. Wasichana themanini na wanne, miaka sita, hajatoroka hata mmoja. Wakuu wenzangu huniuliza siri yangu ni nini. Siri yangu ni kufuli. Huyu mama akiliona atanivua nguo mbele ya wazazi.

Wewe ulifanya kazi kiwanda kile kabla kifua hakijakutoa, bila shaka mnajuana. Nipe mbinu. Anapenda nini? Anatulizwa na nini?

Kitindamimba wako

*

5 Septemba

Mkuu wa Shule,

Barua yako ya mwaliko imeandikwa vizuri mno, kwa hiyo najua hukuiandika wewe. Nimekubali kwa ajili ya hao walioiandika.

Usinitumie gari. Nitatembea kutoka kituoni. Usinipe maua, sina pa kuyaweka. Utambulisho usizidi sentensi mbili, na neno "mpambanaji" lisiwemo. Nitalala chumba chenye dirisha ambalo mtu mzima anaweza kupita, na nikukumbushe kwamba mimi si mwembamba.

Kabla sijaja nataka kujua: ukumbi una milango mingapi, ipi inafunguka kwa nje, nani anashika funguo, na mtu huyo huwa wapi. Nijibu hivyo hivyo kuhusu bweni, jiko na maktaba. Usiniandikie kwamba utaratibu upo. Nimezika watu waliokuwa ndani ya utaratibu.

Mama Milango

*

Shuleni,
9 Septemba

Mheshimiwa Mama,

Nimepokea barua yako kwa furaha kubwa. Shule nzima inakusubiri kwa hamu.

Kuhusu maswali yako, ukumbi una milango miwili mizuri, na bweni lina ulinzi wa kutosha. Utaratibu upo, naomba radhi kwa neno hilo, lakini ndiyo hali halisi. Mengine tutayazungumza ukifika, maana barua haitoshi.

Utafurahi kusikia kwamba sisi si wageni kwako. Dada yangu wa kwanza, aliyenilea na kunisomesha, alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kile kile cha nguo. Bahati nzuri aliacha kazi kwa ajili ya kifua, la sivyo leo tungekuwa tunazungumza mengine. Naamini atafurahi kukusalimu kupitia kwangu.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mkuu wa Shule

*

10 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata leo asubuhi na ninaijibu kabla sijapika.

Futa mwaliko huo. Sema shule ina ugonjwa, sema ukumbi unavuja, sema lolote, wewe ni hodari wa kusema lolote ukibanwa. Mama yule akiingia mahali hatoki bila kitu. Mwenyekiti anamtaka mtu wa vitanda, mpe mtu wa vitanda, watoto wanahitaji vitanda.

Unauliza anatulizwa na nini. Hatulizwi.

Na usinitaje kwake. Usiseme una dada, usiseme niliwahi kufanya kazi pale. Hili sikuombi, nakuagiza, kama nilivyokuwa nikikuagiza ukiwa mtoto na hukuniuliza kwa nini.

Umevaa fulana ya sufu niliyokushonea? Najua hujaivaa.

Dada yako

*

Shuleni,
18 Septemba

Dada,

Fulana naivaa, inaniwasha.

Barua yako imechelewa. Nilikuwa nimeshakutaja. Nilidhani nampaka mafuta, mtu akisikia una ndugu aliyekuwa naye sehemu moja moyo wake hulainika. Huyu aliniletea mstari mmoja tu: "Msimamizi wa zamu ipi?" Nikamjibu zamu ya mchana, na nikajivuna kidogo kwamba ulikuwa na wanawake sitini chini yako. Akajibu neno moja. "Nakuja." Bila salamu, bila tarehe.

Kufuta siwezi tena. Wasichana wamechora mabango, wazazi wana kadi. Maji nimeshayavulia nguo.

Lakini, dada, niambie ukweli, mna ugomvi gani? Naona kama ni wivu. Yeye amekuwa maarufu kwa moto ambao hakuwepo, maana nasikia siku ile alikuwa mapumzikoni, na wewe uliyekaa pale miaka tisa hakuna anayekujua. Kama ni hilo nakuelewa. Ila usinifanye nigombane na mgeni wangu kwa ugomvi wa cherehani.

Kitindamimba wako

*

Shuleni,
29 Septemba

Dada,

Sijui nianzie wapi, basi nianzie kituoni. Nilimtuma Matroni wetu wa bweni akampokee. Walirudi kwa miguu, Matroni viatu mkononi anachechemea, mgeni mbele na kikapu chake. Ni mfupi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Chumba cha wageni nilikuwa nimekiwekea shuka mpya. Akatazama dirisha, akaona nondo, akalikokota godoro mpaka barazani bila kumwomba mtu msaada. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu alianza kulima kabla hajanywa maji.

Kwenye kikapu ana vipande vya mti alivyovichonga mwenyewe, kabari, anavisukuma chini ya milango ili isijifunge. Jana asubuhi nilikuta mlango wa ofisi yangu una moja, wa maktaba moja, na wa choo cha walimu moja. Mwalimu wa hesabu hatazungumza nami muda mrefu kwa ajili ya hiyo ya tatu.

Sasa ukumbini. Siku ya mahafali mlango wa nyuma huwa naufunga kwa mnyororo. Ni wazo langu la mwaka ule wageni walipotoka mmoja mmoja katikati ya hotuba ya Mwenyekiti wakaenda kukaa karibu na sufuria. Mwenyekiti alilipenda wazo hilo kuliko yote niliyowahi kumpa. Mama Milango akaingia kwaya ikiimba. Hakuja meza kuu. Alipita katikati ya viti mpaka nyuma, akaushika mnyororo, akautikisa. Kwaya ikanyamaza yenyewe.

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Tutafungua baada ya hotuba, Mama."

"Basi nitahutubia baada ya kufungua."

Akachukua kiti, akatoka nacho kwa mlango wa mbele, akakaa nje kwenye majani, ametugeuzia mgongo. Ningefungua, dada, naapa mkono ulishafika kwenye funguo, lakini Mwenyekiti alinitazama. Nikasimama hapo kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Wasichana wakaanza kutoka. Kwanza wawili wa mdahalo, halafu safu nzima, halafu wazazi, wamebeba na viti vyao. Baada ya robo saa ndani tulibaki mimi, katibu, Mwenyekiti na spika mbili. Na Mwenyekiti akasoma hotuba yake yote, dakika arobaini, hakuruka hata ukurasa, mimi nikapiga makofi peke yangu.

Nilipotoka nilimkuta anawauliza wasichana kama wanajua ufunguo wa bweni unakaa wapi. Wote wakanyoosha vidole kiunoni kwangu. Themanini na wanne. Sijawahi kuaibika hivyo.

Akaniuliza mbele ya wazazi, "Ukienda mjini?"

"Namwachia Matroni."

"Matroni akienda na wewe mjini?"

"Hatuendi pamoja, Mama."

"Ukiwa msalani?"

Wazazi wakacheka. Baba mmoja alicheka mpaka kiti kikamwangusha. Nami nikapandwa na hasira, nikamwambia kwa sauti kwamba katika miaka sita hajatoroka msichana hata mmoja.

Akasema, "Hata kule kwetu hakutoroka hata mmoja."

Yule baba akakisimamisha kiti chake. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Nikakataa. Nikasema mimi ndiye niliyepewa dhamana ya watoto hawa, si yeye, na mzazi anayetaka mwanawe alale mlango wazi akamlaze nyumbani. Wapo waliopiga makofi. Yeye akainuka, akajipangusa majani, akakataa chakula. Langoni akaniuliza, "Dada yako yuko hai?" Nikamwambia yuko hai. "Msalimie," akasema. Namna alivyolitamka sikuipenda.

Sasa Mwenyekiti ananitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja, na niahidi kwamba bweni litaendelea kufungwa kama kawaida. La sivyo nitafute shule nyingine. Rasimu ninayo mezani na nitaitia sahihi. Kwanza kwa sababu nataka kazi yangu. Pili kwa sababu nimekasirika, na sitaki yule mama aseme amenishinda. Nilikuomba mbinu ukaniletea amri. Kama kuna jambo ulilokuwa unalijua, ungeniambia kama mtu mzima. Nina miaka arobaini na moja.

Kitindamimba wako

*

5 Oktoba

Mdogo wangu,

Usiitie sahihi barua hiyo. Soma hii kwanza, na safari hii isome mpaka mwisho.

Sikuacha kazi kabla ya moto. Niliwaambia hivyo wewe na mama, mkaamini, na kila mwaka uliopita ikawa vigumu zaidi kusema vingine. Kifua nilikipata siku ile ile.

Msimamizi wa zamu ndiye aliyekuwa akishika funguo. Tajiri alitaka mlango wa nyuma ufungwe saa nzima kabla ya kengele ya kutoka, kwa sababu wanawake walikuwa wanawahi kutoka na wengine wanaficha vipande vya kitambaa. Niliufunga kila siku kwa miaka mitatu. Nilijisifu kama unavyojisifu wewe. Zamu yangu ilikuwa haina mtoro, na siku moja tajiri alinisifu mbele ya wote, nikafurahi wiki nzima.

Siku ile nilikuwa ofisini mbele, napeleka daftari la mahudhurio. Nikasikia watu wanapiga kelele, nikatoka mbio kuzunguka nyuma. Moto ulikuwa umeanzia kwenye marobota karibu na mlango wa mbele, kwa hiyo waliokuwa mwisho wa ukumbi walikimbilia mlango wangu. Nilikuwa na funguo ishirini na saba kwenye pete moja. Kila siku niliujua ufunguo ule kwa kuutazama, ulikuwa na doa la kutu. Siku ile moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango na macho hayaoni. Nikajaribu mmoja, hauingii. Mwingine unaingia haugeuki. Pete ikaanguka, nikaiokota, nikawa sijui ni ipi nimeshajaribu. Wao wanagonga upande wa pili. Walikuwa wananiita jina. Walijua funguo ziko kwangu.

Walinzi walinibeba wakaniondoa. Nilipozinduka walikuwa wameshavunja ukuta, wamechelewa.

Kati ya wale kumi na mmoja alikuwemo mdogo wake yule mama unayemwita mgeni wako. Kitindamimba wao, kama wewe.

Bado sijafika mahali penyewe. Baada ya siku tatu tajiri aliniletea karatasi inayosema mlango wa nyuma haukuwa umefungwa, kwamba walipigwa na butwaa tu, wakashindwa kuusukuma. Akasema nikiitia sahihi yamekwisha, nisipotia ni mimi nitakayefungwa. Wewe ulikuwa kidato cha sita. Nikatia. Wewe hutia sahihi bila kusoma, mdogo wangu. Mimi niliisoma. Niliisoma mara mbili.

Tangu hapo yule mama anasema mlango ulifungwa, na watu wanamwonyesha karatasi yangu, wanamwita kichaa. Nilimsikia redioni mara moja, nikaizima, nikashona mpaka sindano ikavunjika. Unasema namwonea wivu. Namwogopa. Hakuna mtu ninayemwogopa kama yeye.

Sasa nakuagiza jambo moja, na baada ya hapo sitakuagiza tena. Kabla hujamjibu Mwenyekiti, nenda bwenini mchana, wasichana wakiwa darasani. Mpe Matroni saa. Jifunge kitambaa machoni, utikise funguo zako zote kwenye pete, kisha ufungue ule mlango. Halafu niandikie ni dakika ngapi.

Ukinichukia nitaelewa. Lakini kafanye.

Dada yako

*

Shuleni,
27 Oktoba

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nikaenda kukaa kwenye stoo ya vitabu, mahali ambapo hakuna anayenitafuta. Nililia, nikuambie tu. Kisha nikakukasirikia. Nilikukasirikia siku mbili nzima, kwa miaka ishirini na miwili ya kuniuliza kama nimevaa fulana huku umebeba jambo hilo peke yako. Hasira yenyewe haijaisha yote. Lakini nilifanya ulivyoniagiza.

Nilimpa Matroni saa. Alicheka sana kuniona na kitambaa machoni, akasema kilichobaki ni yeye kunipa fimbo nivunje chungu, kama kwenye mchezo wa watoto. Funguo zangu ni kumi na tisa. Wa kwanza haukuingia. Wa pili ulikuwa wa stoo, niliujua kwa ukubwa wake, nikaupoteza tena kwenye pete. Jasho likanitoka, na hakuna moshi wala moto, ni mchana mweupe, na aliyenisimamia ni Matroni anayecheka. Pete ikaniponyoka mara mbili.

Kisha nikasikia sauti ya ndani. Kulikuwa na msichana mgonjwa kitandani, homa, Matroni alimlaza asubuhi, na alipoona nimekuja na pete akadhani nataka kujaribu kufuli, akalibana kisha akasahau kuniambia kuna mtu. Msichana akaja nyuma ya mlango, akauliza polepole, "Mwalimu, kuna nini?"

Nikawa natafuta ufunguo tu. Akauliza tena, "Mwalimu?" Matroni akaacha kucheka.

Ilikuwa dakika nne na sekunde kumi.

Kufuli nimelitupa chooni, choo cha shimo, nisije nikabadili mawazo. Fundi ametia komeo la ndani, na mlango sasa unafunguka kwa nje. Ameng'oa nondo za madirisha mawili. Matroni amehamishia kitanda chake karibu na mlango. Mnyororo wa ukumbini nimempa mpishi, anafungia mbuzi wake. Rasimu nimeichana, nikamwandikia Mwenyekiti barua nyingine kwa mkono wangu, nikaisoma mwanzo mpaka mwisho, ndipo nikaitia sahihi. Sijui kama nitakuwa na kazi Januari.

Na usidhani wasichana wamenishukuru. Wiki ya kwanza wawili walitoroka wakaenda kwenye sherehe ya binamu wa mmoja wao. Walirudi wenyewe kabla ya chai, wamechoka, na nimewapa adhabu ya kufagia uwanja muhula mzima. Mwenyekiti ameshasikia. Rekodi yangu ya miaka sita imekwisha, na najikuta nawahesabu wakiwa kwenye foleni ya chai, themanini na wanne, nahesabu tena.

Nilimwandikia Mama Milango kumweleza kuhusu bweni. Nilidhani nitapata pongezi. Amejibu kwamba madirisha mawili hayatoshi, ning'oe yote, na kwamba choo cha shimo si mahali pa kutupa chuma. Mwishoni ameomba anwani yako. Sikumwambia lolote. Hiyo ni yako kuamua, na safari hii sitakutaja bila ruhusa.

Fulana nimeivaa leo. Bado inawasha.

Kitindamimba wako

*

2 Novemba

Mdogo wangu,

Mpe.

Dada yako

*

20 Novemba

Mdogo wangu,

Amekuja jana.

Tangu aliponitumia ujumbe kwamba yuko njiani nilikuwa nimeacha mlango wazi, wa mbele na wa nyuma, kuku wa jirani wakawa wanapita katikati ya sebule kama barabarani. Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani bila kushona. Akasimama kizingitini. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi nitakavyosema, na yote yakapotea.

Akasema, "Umezeeka."

Nikamwambia, "Na wewe."

Akaingia, akaweka kikapu chini, akaenda kutazama mlango wa nyuma, akatazama dirisha la chumbani, akasema bawaba zimekaza, nizipake mafuta. Kisha akakaa mbele yangu. Nikainuka kumletea maji, akasema, "Kaa." Nikakaa.

Nilimwambia. Nilianza na ile karatasi, kwa sababu ndiyo niliyoiona mbaya kuliko yote. Nikamwambia mlango ulifungwa, niliufunga mimi, na nilitia sahihi kwamba haukufungwa. Nilikuwa nimeandika karatasi nyingine yenye maneno hayo, nimetaja jina la tajiri na langu, na jirani yangu mwalimu mstaafu ameshuhudia. Nikampa. Akaisoma, akaikunja, akaitia kikapuni chini ya zile kabari. Sasa anaweza kuipeleka anakotaka, na wakinijia waje. Hakunishukuru na sikutaka anishukuru.

Hakuinuka kuondoka. Nikajua kuna jambo lingine amelijia.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza. "Wakati wanagonga."

Nikamwambia nilikuwa pale. Nikamweleza pete ilivyoanguka na kuhusu lile doa la kutu.

"Ulifika ufunguo wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa, au wa ishirini. Nilikuwa narudia."

"Kati ya ngapi?"

"Ishirini na saba."

Akavua miwani. Anapoivua, ule uzi hubaki umening'inia sikioni, nami nikawa nautazama uzi maana uso nilishindwa kuutazama. Nilingoja anipige. Kweli, mdogo wangu, nilitamani anipige.

"Walimsikia mdogo wangu akiita jina lako," akasema. "Waliotoka kwa mbele walinieleza. Na tajiri aliniambia mwenye funguo alikimbia mapema, wa kwanza kabisa. Sikuamini lolote alilosema kuhusu mlango, lakini hilo nililiamini. Miaka yote hii, kila nikilala, namsikia anaita na upande wa pili hakuna mtu."

Akashika mikono yangu miwili, akaigeuza, akaitazama viganja, kama fundi anavyotazama chombo alichotafuta siku nyingi.

"Kumbe kulikuwa na mtu," akasema.

Dada yako